Kutazama Mahari ya Mama

Nikipita Keumbu nikienda kwetu, hata niwe na haraka ya namna gani, hufungua dirisha la gari. Akina mama wanaouza ndizi kando ya barabara wananijua sasa. Huja mbio na masinia kichwani, na harufu ya ndizi zilizoiva barabara, zile ambazo maganda yake yameanza kupata madoa, huingia ndani kabla sijauliza bei. Binti yangu hulalamika kwamba harufu hiyo hukaa kwenye viti hadi tunarudi Nairobi. Mimi huiacha ikae. Iliwahi kukaa nyumbani kwetu siku chache nilipokuwa mdogo, na mpaka leo haijanitoka.

Rafiki zangu wakitaka kutembelea kwetu na familia zao huniuliza wawapeleke watoto wapi. Napenda sana kuulizwa. Nawaambia waende Tabaka wakaone wachongaji wakiosha jiwe kwa maji mpaka rangi yake ya waridi itokee. Nawaambia wapite Itumbe jioni, wasimame tu karibu na kiwanda na kuvuta hewa, maana majani ya chai yakikaushwa hunukia kuliko yakiwa kikombeni. Wakiwa na bahati ya siku ya soko, wateremke Nyaramba wakale mahindi ya kuchoma. Halafu nawaambia wapande kilima cha Manga, alasiri, mvua ikishapita. Wakiniuliza kuna nini huko juu nasema wataona ziwa. Hapo huwa nimewaambia nusu tu ya habari.

Mimi naitwa Kwamboka, jina ambalo kwetu maana yake ni kuvuka. Nilipewa na nyanya, mama yake baba, kwa sababu mama yangu alivuka kuja kwetu. Baba alikuwa Mgusii wa milimani, mkulima wa chai na migomba. Mama alikuwa Mjaluo wa kule ziwani. Walikutana miaka ya sitini mwanzoni, baba alipopelekwa hospitali ya misheni kule chini na mguu uliovunjika. Mama alikuwa akisafisha wodi. Mguu uliunganika vibaya ukamwacha baba akichechemea maisha yake yote, na wenye hospitali wangeona haya kumsikia akiusifu. Alisema laiti ungeunganika vizuri angeruhusiwa kwenda nyumbani mapema mno.

Kwa kuwa baba hakujua Kijaluo na mama alikuja bila neno la Kigusii, nyumba yetu ilikuwa ya Kiswahili, ya pekee kijijini. Usidhani kilikuwa Kiswahili cha kujivunia. Baba hakuwa na l, kila l ilipofika kinywani mwake iligeuka r. Mama hakuwa na sh, yeye alikuwa na s tu, na alitutuma samba tukalete majani ya kuosea vyombo, nasi tukamwelewa vizuri kabisa. Walichekana kila siku ya Mungu. Mwanzoni mama alitatizwa na jambo jingine, kwamba kwa Kigusii baba ni mama. Mtoto wa jirani akilia akimwita baba, mama yangu alitoka mbio kumtafuta mzee wa boma lile, kumbe mama wa mtoto amesimama pale pale na mwiko mkononi.

Tulikuwa Wasabato. Ijumaa jua lilipokaribia kuzama, chakula cha kesho kilikuwa kimeshapikwa, viatu vimeshapakwa mafuta, kuni zimeshapangwa. Jumamosi hatukununua wala hatukuuza, hatukulima wala hatukucheza mpira. Lakini kutembea kuangalia kazi ya Mungu kuliruhusiwa, na baba alishika ruhusa hiyo kwa mikono miwili. Tukitoka kanisani tulikula viazi vitamu baridi na maziwa lala, kisha baba alichukua fimbo yake na kusema, kila mara kwa maneno yale yale:

"Haya, twende tukaone mahari ya mama."

Tulitoka wanne, yeye, mama, mimi na mdogo wangu Nyakundi. Njia ilipita katikati ya mashamba ya chai, ikaingia kwenye vichaka vya lantana vyenye maua tuliyoyanyonya, kisha ikaanza kupanda. Baba alipanda kwa shida. Mguu ule haukupenda mawe, alilazimika kuuburuta na kuuweka, kuuburuta na kuuweka, na sisi watoto tulitangulia, tukarudi, tukatangulia tena mara nyingi kabla hajafika. Mama hakumharakisha. Alitembea nyuma yake akiimba pambio kwa sauti ndogo.

Juu, ardhi inakatika ghafla. Unakuwa umesimama kwenye ukingo wa mwamba na upepo unakupiga usoni, na chini yako vilima vinateremka kimoja baada ya kingine mpaka kwenye nchi tambarare yenye joto. Kule mwisho, jua la alasiri likiangukia vizuri, unaona kitu kinang'aa. Hakionekani kuwa maji. Kinaonekana kama bati jipya juu ya nyumba ya mtu aliyeuza chai vizuri. Baba alinyoosha fimbo.

"Ire pare," alisema. "Mahari ya mama yenu."

Mama aliketi, akakunja miguu chini ya gauni, akatazama. Sisi tulitazama kidogo, tukachoka, tukaenda kutupa vijiwe bondeni. Tukirudi tulimkuta angali anatazama, na baba ameketi kando yake akijisugua goti. Nilimwonea fahari sana mama kwa kuwa na kitu kinachong'aa vile. Watoto wengine mama zao walitoka nyuma ya kilima kile, ambako hakukuwa na la kuonyesha.

Nilipofika darasa la nne mwalimu wa Kiswahili aliandika maneno mawili ubaoni. Mahali ni pale kitu kilipo, alisema, na mahari ni mali anayotoa mwanamume kwa wazazi wa mke. Akamwita mmoja mmoja ayasome, na darasa zima liliyasoma sawasawa, yaani vibaya. Mimi tu ndiye niliyepona, kwa sababu mama alikuwa na l. Nilikimbia nyumbani siku hiyo nikiwa nimevimba kichwa, nikamweleza baba kwamba miaka yote hii amekuwa akituambia tunakwenda kuangalia ng'ombe wa mama. Nilitegemea acheke. Alikuwa akinoa kisu cha kupogolea migomba.

"Kwa mama yako," alisema, "hiro ni neno moja tu."

Mama alikuwa akichambua mboga mlangoni. Aliinuka akaenda kuchota maji, ingawa mtungi ulikuwa umejaa. Nilihitimisha kwamba sikio la baba halifai, nikamsamehe.

Likizo ya Agosti ya mwaka uliofuata, baba alitangaza kwamba safari hii hatutatazama kwa mbali. Tutateremka mpaka ziwani kwenyewe. Siwezi kueleza furaha ya habari ile. Nyakundi alizunguka boma akiwatangazia mbuzi. Mimi niliwatangazia wasichana kisimani, nao waliniuliza kama kuna viboko, nikasema viboko wote wa kule ni wa ukoo wetu.

Baba alikata mkungu mkubwa kuliko yote, akauvundika ndani ya nyumba chini ya majani makavu na magunia. Hapo ndipo harufu ilipoanza. Kwanza ilikuwa ya majani mabichi, kisha ikawa tamu, na siku moja kabla ya safari ilikuwa nzito hata mtu hakuweza kulala bila kuifikiria. Hatukuruhusiwa kugusa hata moja. Mama aliyekuwa na kawaida ya kutupitishia hili na lile nyuma ya mgongo wa baba, safari hii alikuwa mkali kumshinda. Alipepeta wimbi tena na tena, akitoa kila kiganda, ndipo akausaga. Baba naye alichagua jogoo wetu mwekundu, aliyekuwa na maringo, akamfunga miguu kwa kamba mpya ya katani. Niliona ni mizigo mingi kwa watu wanaokwenda kuona maji, lakini mtoto mwenye safari hauliziulizi, asije akaachwa.

Tulisafiri Jumapili. Baba alivaa koti, na joto la kule chini lilimwadhibu vikali kwa hilo. Tuliteremka kwenye basi karibu na ufuo wenye soko la samaki, na mimi nikaona lile bati jipya la Manga limekuwa maji yasiyokwisha, yanayopumua, yenye harufu ya matope na dagaa. Nyakundi alishika gauni la mama akakataa kuliachia.

Baba alituacha hapo. Alisema anakwenda kusalimia watu, na kwamba tumngoje. Mama alimfunga kifungo cha juu cha koti, akampangusa vumbi begani, akamwelekeza njia kwa sauti ya chini. Kisha baba akajitwika kikapu cha ndizi na unga, akambana jogoo kwapani, akaenda zake kwenye kijia cha mchanga, akiburuta na kuweka, mpaka mikatani ikamficha.

Nikumbukapo siku ile, huanza na mama. Sikuwahi kumwona vile. Wanawake wa samaki walimsikia akisema neno moja wakaacha visu vyao. Waliongea wote pamoja, wakamgeuza huku na huku, wakatushika mashavu. Mama alicheka. Nyumbani alikuwa na kicheko kidogo cha kufunika mdomo. Hiki cha ufuoni kilitoka tumboni, kilikuwa na sauti nene, na kilinitisha kidogo, maana nilijiuliza alikuwa akikificha wapi. Kijaluo kilimtoka bila kusita, yeye ambaye kwetu alipima kila neno kabla ya kulitoa. Alikuwa mrefu zaidi. Najua si kweli, lakini ndivyo nilivyomwona.

Alivua viatu, akakunja gauni, akatuingiza majini mpaka magotini. Alitufundisha kusimama kimya ili samaki wadogo waje kutudonoa vidole. Alitununulia ngege wa kukaanga, tukala tumekaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa, naye akatutolea miiba. Kila mara alitazama kile kijia. Alituosha nyuso. Baada ya muda alituosha tena, ingawa hatukuwa tumechafuka, akamchana Nyakundi nywele kwa kitana cha kuazima, akanyoosha kola yangu. Akatuuliza kama tunakumbuka namna ya kusalimia kwa Kijaluo. Tukasalimia. Akaturudisha mwanzo, tukasalimia tena vizuri zaidi. Nilidhani ni kwa ajili ya wale wanawake wa samaki.

Jua lilipogeuka tulimwona baba akija. Nyakundi ndiye aliyemwona kwanza, na alichoona hasa hakikuwa baba. Aliona kikapu. Alipiga kelele kwamba baba anarudi na ndizi, anarudi nazo zote, na jogoo pia. Nami nikaruka ruka mchangani. Siku zote zile tulilala na harufu ile tukijua kwamba ni ya wengine, na sasa ilikuwa inaturudia wenyewe.

Baba alitua kikapu. Kitambaa ambacho mama alikifungia juu kilikuwa na fundo lile lile. Mama alikiangalia.

"Hawakufungua?" aliuliza.

"Hawakufungua."

"Mama alikuwepo?"

"Arikuwepo. Ariniretea maji ya kunywa. Mzee akamwambia ayamwage."

Mama alichutama, akahangaika na lile fundo alilolifunga mwenyewe asubuhi. Lilimsumbua. Mwishowe alilivuta kwa meno.

"Basi, wape watoto," alisema.

Tulikula. Wee, tulikula. Zilikuwa zimeiva hata ganda lilitoka lenyewe, laini, tamu, zina joto la jua, na harufu ile yote ikawa mdomoni. Nyakundi alishika moja kila mkono. Mama aliwagawia wanawake wa samaki, ambao walizipokea kwa mikono miwili, na mimi nikashangaa kwa nini wamekuwa wapole ghafla. Baba alivua koti. Mama alimenya ndizi akampa, akamenya nyingine akaila mwenyewe, taratibu, akitazama kile kijia. Niliwaambia kwamba hii ndiyo siku nzuri kuliko zote nilizowahi kuwa nazo. Baba aliniwekea mkono kichwani akasema ni kweli, na kwamba tukizimaliza mzigo utakuwa mwepesi.

Jogoo tulirudi naye. Kijijini hapakuwa na jogoo mwingine aliyewahi kuona ziwa, na nadhani alijua, kwa sababu maringo yake yalizidi. Watoto wa jirani walimwita Mgeni. Baba hakukubali achinjwe, hata alipozeeka akawa anawika mchana.

Jumamosi iliyofuata, baada ya viazi baridi, nilidhani safari za Manga zimekwisha, maana tumeshaona ziwa kwa karibu, kuna haja gani ya kulitazama tena kwa mbali? Baba alichukua fimbo. Alisema yale yale aliyoyasema siku zote, na mama alikwenda kutafuta viatu vyake.

Ilinichukua miaka kuelewa. Niliokota kidogo kidogo, kisimani, kwenye matanga, kwenye minong'ono ya shangazi. Mama alikuwa ameondoka na baba bila ruhusa. Babu yangu wa ziwani aliapa kwamba ng'ombe wa milimani hawatalala zizini mwake, na bila ng'ombe, kwao mama hakuwa ameolewa, alikuwa amepotea tu. Kwetu nako, wanawake walipogombana kwenye foleni ya maji, ilikuwa rahisi kumkumbusha kwamba hakuna aliyemtolea kitu. Bila mahari hakuwa na mahali. Baba aliposema ni neno moja hakuwa na sikio bovu hata kidogo. Aliwatenga ng'ombe wake, akawalisha, akatuma watu, akatuma wazee wa kanisa, akaenda mwenyewe na ndizi. Babu alikufa bila kubadilisha neno lake, na baada yake hakuna mjomba aliyethubutu kuligusa. Nyanya yangu wa ziwani, aliyeambiwa amwage maji, sikuwahi kumsalimia kwa ile salamu niliyoirudia mara mbili ufuoni. Bado naikumbuka. Wakati mwingine naisema peke yangu jikoni, na naumia.

Na ndizi zile tulizila kwa furaha. Sijutii, tulikuwa watoto, na nadhani furaha yetu ndiyo kitu pekee walichorudi nacho siku ile. Lakini natamani ningeweza kurudi pale ufuoni nikiwa mtu mzima, nisimame tu kando yao.

Baba alitutoka miaka michache iliyopita, mguu ukiwa umemsumbua mpaka mwisho. Tulipokwenda kumwona mama Desemba, aliniomba nimpeleke Manga. Sasa gari hufika karibu kabisa na juu. Ilikuwa alasiri, mvua imepita. Palikuwa na familia nyingine zilizokuja kutembea, watoto wanapiga picha, mtu anauza njugu. Nilimtandikia mama leso. Aliketi, akakunja miguu kama zamani, ila polepole, na binti yangu akakaa kando yake na mfuko wa ndizi za Keumbu. Bati lile lilikuwa linang'aa kule mwisho.

Binti yangu akamuuliza ni nini kile.

"Ile pale," mama alisema, "ni mahari yangu."

"Ni mahali, shosho," binti yangu alimsahihisha kwa upole. "Umesema mahari."

Mama, ambaye maisha yake yote hakuwahi kuikosea l, alichukua ndizi mfukoni akaanza kuimenya.

"Nimesema mahari," alisema. "Babu yako aliilipa hapa. Kila Sabato, kwa ule mguu wake."

Binti yangu alinitazama nimfafanulie. Nilikuwa nikitamani tu kwamba baba angekuwepo, amsikie mkewe akiongea kama yeye.